Watu wa Ndosho Walisema Anampenda

Kilichoninyima usingizi mwaka ule kilikuwa swali dogo, ambalo mtu mwenye kazi za kufanya asingelipatia hata nafasi ya kukaa: kijana akirudisha sahani ya jirani kwa mkono wake mwenyewe, badala ya kumtuma mdogo wake, je, amekuja kwa ajili ya sahani? Nilikuwa nimetengeneza filamu fupi kulijibu swali hilo. Jibu lilikuwa ndiyo, sahani tu, na nililisema ndani ya filamu kwa sauti yangu mwenyewe ili mtu yeyote asije akachanganyikiwa. Halafu tukaionyesha Ndosho, mtaa wa hapa Goma, katika ukumbi wa video wa Papa Kasongo, na ukumbi mzima ukanikatalia. Tangu siku hiyo nikilala nilikuwa nageuka upande huu na kuwaza kwamba wale watu hawajui lolote, nageuka upande wa pili na kuwaza kwamba wanajua, na dada yangu tuliyelala naye kitanda kimoja aliniambia kwamba nikigeuka tena atanipeleka kulala jikoni.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu Papa Kasongo amefariki. Nilikwenda matanga yake, nikakaa chini ya turubai kwenye kiti cha plastiki pamoja na watu nisiowajua, na mwanaume mmoja mwenye mvi chache kidevuni akanisikia nikisalimia, akanitazama, akasogeza kiti chake. "Samahani, mama," akasema, "weye njo ile sauti?" Kama ni mimi ile sauti; sikuelewa sauti ipi. "Ile sauti ya filme ya sahani. Nilikuwaka mule siku ile." Nikamwambia ni mimi. Akageuka kwa jirani yake na kumweleza habari yote toka mwanzo, sahani, ndimu, mlango, na jirani akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa utulivu wa mtu aliyefiwa: "Lakini uyo kijana alikuwa anamupenda." Wakaanza kubishana palepale, kwa sauti ya chini kwa heshima ya marehemu, na mimi nikakaa katikati yao nikiwa na kikombe cha chai mkononi, nikashangaa kuona kwamba bado natamani kujua nani atashinda.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza masomo ya mawasiliano, na sikuwa na kazi. Asubuhi nilikuwa navaa kama mtu anayekwenda ofisini, kisha nakaa sebuleni kwetu Mapendo, pazia likiwa nusu limefungwa, nikisikiliza mama na wateja wake wa vitenge wakizungumza barazani. Mimi ni mtu wa kusikiliza kupita kiasi. Mtu akiniambia "tutaonana," najiuliza kwa nini hakusema "kesho." Nikituma barua ya kuomba kazi, nairudia kichwani hadi naamini kwamba salamu ya mwanzo imewaudhi. Ndugu zangu walizoea. Kaka yangu alikuwa akiniona nimenyamaza mezani anasema, "Mwamini amerudi chuoni," na wote wanacheka, na mimi nacheka pia, halafu baadaye najiuliza walicheka nini hasa.

Rafiki yangu mmoja tu hakuchoka nami, naye alikuwa Espoir. Wazazi wake walitoka upande wa Bukavu, baba yake karani, watu wa misa ya asubuhi kila Jumapili bila kukosa. Tulisoma pamoja. Alikuwa na kamera aliyoiazima kwa mjomba wake mpiga picha wa harusi, na alikuwa na ile tabia ya kusema "tufanye" kabla hujamaliza kueleza. Nilipomwambia nina hadithi ya mapenzi yaliyotua mahali pasipo pake, akasema tufanye. Aliuliza tu kama ni hadithi ya kweli. Nikamwambia ni ya rafiki yangu. Akasema, "Bon, ya rafiki yako," na hakuuliza tena, na hilo nalo nililiwaza sana.

Hadithi ilikuwa yangu. Kwetu Mapendo, mwezi wa Ramadhani, jioni kabla ya kufuturu, sahani zinatembea. Mama anapika sambusa au maharagi ya nazi au makemba, zile ndizi za kupika, yaliyoungwa, anajaza sahani, anaifunika kwa kitambaa, na mtoto anaipeleka parsele ya jirani, yaani kiwanjani kwake. Kesho yake sahani inarudi, na hairudi tupu; kuna sukari kidogo, au nyanya, au tende. Nayo inaletwa na mtoto. Hakuna aliyeweka sheria hiyo, lakini sijawahi kuona mwanaume mzima akipita barabarani amebeba sahani yenye kitambaa cha maua. Sasa, jirani yetu wa parsele ya tatu alikuwa Salim. Kwa miezi mingi kabla ya hapo nilikuwa nimempenda kwa namna ambayo haikumpa kazi yoyote, yaani bila yeye kujua. Nilijua pikipiki yake kwa mlio. Mwezi ule nilijitolea kupika mimi, na mama akashukuru Mungu kwamba chuo hakijaniharibu, wala hakujua kwamba sahani ya kina Salim naipanga mara mbili. Siku moja alasiri mlango wetu wa bati ukagongwa, nikafungua, na ni yeye, Salim, na ndevu zake, na sahani yetu mikononi, na juu ya sahani ndimu chache zilizooshwa. Akasema, "Mama anashukuru." Akasimama. Nikapokea, nikasema, "Haya, asante," nikafunga mlango. Nikakaa jikoni nikiwaza yale maneno mawili. Mama anashukuru. Yaani si yeye. Kama kuna kitu angetaka kusema angekisema, na alichosema ni salamu za mama yake. Jioni hiyo nilikuwa nimekwisha kumaliza kuomboleza.

Ndiyo filamu hiyo. Msichana anapika, anapanga sahani, anasubiri, kijana analeta sahani na ndimu, anasema mama anashukuru, mlango unafungwa, na juu ya mlango uliofungwa inasikika sauti yangu: "Siku ile nikajua kwamba hakunipenda." Sauti tuliirekodi chumbani kwa Espoir nikiwa nimejifunika blanketi kichwani ili pikipiki za barabarani zisiingie, na nilitoka mle jasho linanitiririka kama mtu aliyetoka kufukizwa. Msichana aliigizwa na Esther, binamu yake Espoir, na kijana na mwanafunzi mmoja mpole aliyekuwa na sura nzuri na maneno machache. Espoir alipendekeza kwamba sahani iletwe na mtoto, ili msichana aelewe kwamba kijana hata hakujisumbua kuja. "Mbele ya kamera itaonekana haraka," alisema. Nilikataa. Nilimwambia lazima aje mwenyewe, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa kwa yule rafiki yangu. Wala sikuona, mimi niliyekulia katikati ya sahani hizo, kwamba nimemweka mbele ya watu wa Goma kijana mzima aliyevuka barabara na sahani yenye kitambaa cha maua, kisha nawaomba waamini kwamba hana haja na mtu ndani ya ile nyumba.

Ukumbi wa Papa Kasongo ulikuwa wa mbao, sakafu ni mawe meusi ya volkano yaliyosawazishwa kwa nyundo, mabenchi marefu, televisheni moja kubwa iliyofungiwa ndani ya sanduku la chuma kama mfungwa. Palinuka mafuta ya jenereta na karanga. Alitukubalia kuonyesha filamu yetu mchana, kabla ya mechi, maana watu hufika mapema kutafuta nafasi nzuri na hawana la kufanya. "Lakini isirefuke," alituonya. "Batu wa mupira hawana uvumilivu." Tukakaa nyuma. Vijana wa gereji walikuwa bado na mafuta mikononi, walikuwapo waendesha pikipiki, na mbele kabisa kulikuwa na wanawake wachache wa sokoni waliokuja kupumzika na mifuko yao, mmoja wao mnene, kichwani kilemba cha njano, ambaye watu wote walimwita Mama Chantal.

Mwanzo walinyamaza, na nikaanza kupumua. Esther alipopanga makemba kwenye sahani, akayatoa, akayapanga upya, pakatokea kicheko kidogo cha kirafiki; mtu akasema, "Uyu ameshapatikana." Nilifurahi. Halafu kijana akatokea barabarani na sahani, na ukumbi ukafanya kitu ambacho sikukitarajia. Uliguna. Wote kwa pamoja, kama watu waliomwona jamaa yao akiingia kanisani amechelewa.

"Mutoto mwanaume mukubwa namna ile," alisema Mama Chantal, "anapitisha sahani barabarani yeye mwenyewe. Hana wadogo?"

"Mama yake amemutuma," akajibu kijana wa gereji.

"Weye mama yako akikutuma na sahani ya kitambaa, utaenda?"

"Miye? Ningemupa mudogo yangu. Na ile ndimu ningekula."

Wakacheka. Kwenye televisheni kijana akasema mama anashukuru, akasimama, na Mama Chantal akamwambia Esther, kama vile Esther angeweza kumsikia: "Mukaribishe. Anangoja umukaribishe." Mwendesha pikipiki mmoja akasema, "Acha amalize, kijana anatafuta maneno." Mlango ukafungwa. Ukumbi mzima ukalalamika. Na katika malalamiko hayo ikaingia sauti yangu, safi, ya huzuni, iliyotoka chini ya blanketi: siku ile nikajua kwamba hakunipenda.

"Ulijuaje?" akauliza mtu.

"Eh, weye sauti. Ulimuuliza?"

"Uyu sauti hana akili. Mutu amekuletea ndimu."

"Ndimu ilitiwa na mama yake."

"Na miguu? Miguu nayo ilitiwa na mama yake?"

Hilo la miguu lilimaliza ukumbi. Watu walipigana mabega kwa kucheka. Espoir naye alicheka, kisha akaniona uso wangu akaacha. Papa Kasongo akawasha mechi, na hata baada ya mpira kuanza nilisikia kule mbele Mama Chantal bado anamweleza jirani yake kwamba wasichana waliosoma siku hizi wanajijibu wenyewe maswali, kisha wanalia.

Nilikwenda nyumbani kwa miguu toka Ndosho hadi Mapendo, Espoir pembeni yangu akimwaga maneno. Alikuwa na furaha. Alisema hajawahi kuona watu wakibishana na filamu namna ile. Mimi niliwaza mambo mawili kwa wakati mmoja na hayakutaka kukaa pamoja. La kwanza lilikuwa la filamu: ilibidi tuipeleke mwishoni mwa mwezi kwenye kituo kimoja cha utamaduni mjini, ambako wangechagua filamu chache za vijana, na filamu ambayo watazamaji wanaielewa kinyume ni filamu iliyoshindwa. La pili sikumwambia. Salim alikuwa bado hajaoa. Bado alikaa parsele ya tatu. Kama watu wale walikuwa sahihi, basi niliwahi kumfungia mlango mtu aliyekuwa anatafuta maneno, na bado ulikuwapo muda wa kuufungua. Na kama hawakuwa sahihi, nitajiaibisha mbele ya jirani nitakayemwona kila siku ya maisha yangu.

Nikaanza kukusanya maoni, kama tulivyofundishwa chuoni. Nilimwonyesha filamu kila aliyekuwa na muda. Siku moja nilikula kwa kina Espoir, bugali na sambaza za kukaanga, wale samaki wadogo wa ziwani, na mboga ya lengalenga, na mama yake akatazama kwenye kompyuta huku akituongezea chakula. Akasema kijana ana heshima, lakini msichana ana kiburi. Baba yake, aliyekuwa akisoma gazeti la zamani, akasema bila kuinua macho, "Kijana ni muoga. Mwanaume anasema, 'Mimi ninashukuru.' Hasemi mama." Mama yake Espoir akamtazama. "Weye ulikuja kwetu na barua ya baba yako," akamwambia, "na ukakaa kwenye kiti toka saa tisa mpaka giza bila kusema kitu. Nani alikuwa muoga?" Baba akageuza ukurasa. "Nilikuwa ninangoja chakula," akasema. Espoir akanikanyaga mguu chini ya meza, maana hakuwahi kuisikia habari hiyo maishani mwake.

Papa Kasongo nilimrudia pia. Nilimkuta anafagia maganda ya karanga. Alifikiri kwa bidii, akaegemea ufagio, akaniambia kwamba tatizo la filamu ni kukosa ugomvi. Nimwingize kijana wa pili, wapigane mlangoni, sahani ivunjike. "Batu wanapenda kitu kivunjike," alisema. Nilimshukuru. Alinisindikiza hadi nje akiendelea kunieleza jinsi ya kumrekodi yule wa pili akianguka bila kuumia juu ya mawe yetu.

Hata mama yangu nilimuuliza, kwa kuzunguka. Alikuwa anachambua mchele barazani pamoja na mteja. Nikauliza kama ni kawaida mwanaume kurudisha sahani. Mama akasema inategemea, kama watoto wako madrasa. Mteja akasema, au kama ana njaa na anataka aone kuna nini tena. Wakacheka wote wawili, kisha mama akanitazama kidogo kuzidi kiasi, akarudi kwenye mchele. Nilikaa na ile "inategemea" siku nzima. Watoto wa kina Salim walikuwa madrasa saa zile? Nilijaribu kukumbuka kama niliwasikia wakicheza nje alasiri ile. Nilikuwa nimefikia hapo: mhitimu wa chuo, nimekaa kitandani, nachunguza kelele za watoto wa mwaka uliopita.

Espoir ndiye aliyechoka kwanza na maoni hayo, na alichoka kwa upole. Alisema tuna njia mbili. Tupige upya tukio la mwisho, sahani iletwe na mtoto, na kila mtu ataelewa kwamba kijana hampendi, kama nilivyotaka toka mwanzo. Au tuiache. "Rafiki yako angetaka njia gani?" aliuliza. Nikamwambia anipe siku chache. Akasema, "Muulize basi. Lakini usiulize rafiki yako. Uliza ule kijana."

Salim alikuwa na biashara ya sambaza. Asubuhi alikuwa anashuka Kituku, kando ya ziwa, ananunua kwa wavuvi mitumbwi inapofika, anazipima na kuzipakia kwenye ndoo za wanawake wa sokoni. Nilishuka huko nimevaa kama mtu anayekwenda ofisini, na hilo lilikuwa kosa, kwa sababu ufuko ule ni maji na magamba ya samaki, na kila mtu alinipisha kama mkaguzi. Nilimwona mbali. Nusura nirudi. Lakini yeye alishaniona, akapaza sauti, "Mwamini? Kuna nini nyumbani?" Alifikiri nimeleta habari ya msiba.

Nikamwambia hakuna kitu, nimetengeneza filamu fupi, nakusanya maoni ya watazamaji. Maneno hayo nilikuwa nimeyapanga njia nzima na yalitoka kama tangazo la redio. Akasema, "Sasa hivi?" Nikasema ni fupi. Alikuwa na mikono iliyojaa maji ya samaki, kwa hiyo nikamwekea mwenyewe spika ya masikioni, moja, na nyingine ikaning'inia, na nikamshikia simu mbele ya uso wake. Nadhani sikuwahi kukaa karibu naye namna ile. Wanawake wenye ndoo wakasubiri. Mmoja akauliza kama ni picha ya bibi harusi. Salim akasema, "Nyamazeni kidogo, ninatazama," na akatazama kweli, macho yamekazwa, bila kugeuka hata mara moja. Sikuiona filamu. Nilimwona yeye akiiona: hapa anatabasamu, ni makemba, hapa anaacha kutabasamu, ni barabara, hapa midomo inafunguka kidogo, kijana amesimama mlangoni. Halafu nikajua kwamba sasa sauti yangu iko ndani ya sikio lake na inasema kile inachosema kila siku.

Akainua kichwa. "Njo sauti yako?"

"Ndiyo."

"Unasema muzuri. Lakini unadanganya." Akafuta mkono kwenye suruali, akatoa spika sikioni na kunirudishia kwa uangalifu. "Uyu kijana anamupenda. Inaonekana. Amekuja na sahani mwenyewe, mbele ya batu. Musichana njo hasikii."

Nikaizima simu. Nikamwambia, "Na weye, siku ile?"

"Siku gani?"

"Siku ulituletea sahani. Mwezi wa Ramadhani. Na ndimu."

Alijaribu kukumbuka. Nataka niwe mkweli kuhusu hilo: alijaribu kwa nia njema, akatazama ziwa, akakunja uso, kama mtu aliyeulizwa jina la mwalimu wa darasa la pili. "Nilileta sahani?" akasema. "Inawezekana. Mama anatutumaka wote." Kisha akacheka kidogo, akaongeza, "Ndimu tulikuwa nazo nyingi, ule mwaka." Mwanamke mmoja akagonga ndoo yake, akasema sambaza hazitangoja sinema. Salim akaniambia nimsalimie mama, akarudi kwenye mizani.

Nilipanda kutoka Kituku polepole, viatu vimeharibika, nikisubiri kuanza kulia. Kilio hakikuja. Kilichokuja kilikuwa udadisi, ambao hata leo haujanitoka kabisa. Mtu yuleyule aliyesimama kwenye mlango wetu amejiona amesimama pale, hakujitambua, na akasema bila kusita kwamba yule anapenda. Je, alisahau kweli, au alifanya kama amesahau mbele ya wanawake wenye ndoo? Je, alijua siku ile alichokuja kukifanya? Zamani swali la namna hiyo lingenila wiki. Nililigeuza mara moja, mara mbili, hadi nilipofika barabara kubwa, na nikaona kwamba hata yeye hawezi kunijibu. Jibu nililobeba mwaka mzima nilikuwa nimelitengeneza mwenyewe jikoni, kwa maneno mawili, jioni moja. Na sahani ya kwenye filamu haikuwa tena ile ya kwetu. Ilikuwa ya Esther na ya yule mwanafunzi mpole. Mama Chantal na Papa Kasongo walikuwa na neno la kusema juu yake, na baba yake Espoir pia, huyu aliyengoja chakula hadi giza. Wote walikuwa wameitazama. Mimi peke yangu nilikuwa nimeitolea hukumu kabla mlango haujagongwa.

Nilimkuta Espoir nyumbani kwao, umeme ulikuwapo, ameketi mbele ya kompyuta na karatasi aliyochora tukio jipya, mtoto na sahani, mishale ya wapi kamera ikae. Alikuwa ameshampata hata mtoto, mpwa wa Esther. Nikamwambia hatutapiga upya. Akauliza, basi tunaiacha? Nikamwambia hapana. Nikamwambia aitoe sauti yangu.

"Ya mwisho?"

"Yote."

"Mwamini, bila sauti, mutu atajuaje nini?"

"Hatajua," nikasema.

Alinitazama ili ahakikishe sitarudi nyuma baada ya dakika mbili, maana ananifahamu. Kisha akavuta kiti pembeni, akanipisha. Nilikaa, nikaitafuta sauti yangu kwenye ule mstari wa mawimbi ya kijani, mahali pa kwanza na pa pili na pa mwisho, nikaifuta sehemu moja baada ya nyingine. Tulipoiangalia tena kijana alisimama mlangoni muda mrefu kuliko nilivyowahi kugundua. Mlango ulifungwa. Baada ya mlango palisikika pikipiki inapita, jogoo wa mtu, na hatua za kijana juu ya mawe, polepole, ambazo siku zote zilikuwa zimefunikwa na mimi.

Tuliipeleka alasiri hiyohiyo. Kwenye kituo cha utamaduni tulimkuta msichana wa rika letu nyuma ya meza, akapokea flashi, akauliza filamu inahusu nini ili aandike mstari mmoja. Espoir akageuka kunitazama. Alijua kwamba kwa kawaida hapo ndipo ningeanza kueleza, na tungefunga ofisi nao.

"Kijana anarudisha sahani ya jirani," nikasema.

Akaandika. Kalamu ikabaki juu ya karatasi. "Halafu?"

"Njo ile tu," nikamwambia, na tukatoka.